Kilio Nilichokipanga Baada ya Matangazo ya Vifo

Mjini Baraka, Jumamosi. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ziwa lina rangi ya majivu. Barabara ya sokoni ni matope matupu, pikipiki zinapita kwa kuyumba, na mimi nimekaa ndani. Mvua haijawahi kunizuia kutoka. Leo nimeisingizia.

Naona haya. Naliandika neno hilo mapema nisije nikalizunguka hadi mwisho wa ukurasa.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwandishi wa habari wa redio, nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zote. Wenzangu kazini wananiita Doyenne, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao. Nimeripoti mafuriko, kipindupindu, boti zilizozama na watu waliokimbia vijiji vyao na magodoro kichwani. Nimewahoji wafiwa wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na sauti yangu haikutetemeka. Watu husema sina machozi. Sijawahi kuwakatalia, kwa sababu sifa hiyo ilinifaa.

Wiki hii haikunifaa.

Ukumbi wa parokia yetu una kikundi cha maigizo. Kiongozi wake ni Maître Amisi, mwalimu wa Kifaransa, mtu mwembamba anayevaa koti hata kwenye joto la saa nane. Mwaka huu amechukua tamthilia ya zamani ya Wazungu, ya aina ile ambayo mwishoni wote waliosema sana wamekufa, akaiweka katika Kiswahili chetu. Jemadari anataka kiti cha mfalme mzee. Hana askari wa kutosha. Mtawala wa nchi jirani anakubali kumpa wake, ila anadai rehani: mtoto wa kiume wa jemadari, wa pekee. Jemadari anamtoa. Mama mtu mwenyewe anamfungia mtoto mzigo wa safari. Jemadari anapata kiti, kisha anavunja ahadi, na mtoto anauawa huko ng'ambo. Mwili haurudishwi. Malkia analia. Mfalme mpya anabaki peke yake juu ya kiti alichokitaka, anaomba kimvunjikie akiwa amekikalia.

Nilikwenda kuandaa kipindi kifupi kuhusu onyesho, ambalo ni kesho baada ya misa ya pili. Kazi nyepesi. Nilidhani nitachukua maneno ya Maître, kicheko kidogo, basi.

Malkia anachezwa na Mama Wilondja, anayeuza ndakala, dagaa wakavu wa ziwa letu, pale sokoni upande wa ziwani. Mjini hapa namfahamu kila mtu kidogo, na yeye namfahamu zaidi ya kidogo. Mwanawe wa kwanza, Wilondja, ambaye jina lake ndilo mama analoitwa hadi leo, alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu kusini. Shimo liliporomoka. Wengine walifukuliwa, wengine hawakufukuliwa. Hakuna aliyemwona Wilondja akiingia siku ile, na hakuna aliyemwona tena baada ya siku ile. Simu yake haijaita tangu hapo.

Katika ukoo wa mume wake, mwili usipoonekana, watu hawakai matanga mpaka mkubwa wa ukoo atamke. Mume alikwishafariki. Mkubwa aliyebaki ni mama yake mume, bibi wa Ubwari, ng'ambo ya maji, ambaye wote tunamwita Koko. Koko amekataa kutamka. Kwake yeye, kumlilia mtu ambaye hajaonekana ni kumuua kwa mdomo. Kwa hiyo Mama Wilondja hajakaa chini, hajavua kitambaa cha kichwa, hajapikiwa na majirani. Hajalia. Hata ndani ya nyumba yake hajalia, kwa sababu kuta ni za mbao na jirani mmoja ni wa ukoo.

Hayo yote nilikuwa nayajua nilipowasha kinasa sauti Jumanne.

Mazoezi yalianza kwa vicheko. Mfalme ni fundi cherehani, kajishonea joho kutoka pazia la zamani la ukumbi, na kila akigeuka linamfunga miguu.

"Papa, uko mufalme ao uko muzigo ya sokoni?" Mama Wilondja alimwuliza, na benchi zima likacheka.

"We ngoja," fundi akajibu. "Siku nitakamata kiti, utalipa kodi ya zile samaki zako."

Maître akapiga makofi kuwanyamazisha. "Tunaingia pa kilio. Mama Wilondja, tafazali, leo ulie kama malkia. Juzi ulilia kama mutu samaki yake imeoza."

Alisimama katikati ya jukwaa. Mjumbe akasema sentensi yake, kwamba mtoto hayupo tena na mwili hautarudishwa. Kisha Mama Wilondja akatoa sauti ambayo mimi, mwenye kazi hii, sijui kuieleza vizuri. Ilianza chini, kama mtu anayesukuma kitu kizito, halafu ikapanda. Na ndani yake akaita, si jina la mtoto wa malkia lililoandikwa na Maître. Akaita, "Wilondja! Wilondja weee! Mi njo nilikufungia muzigo!" Yaani yeye ndiye aliyemfungia mwanawe mzigo.

Fundi cherehani alivua taji lake la katoni. Maître alikuwa amekunja mikono kifuani, anatikisa kichwa kwa furaha ya mwalimu. Mimi nilitazama mshale wa sauti kwenye kinasa, nione kama umegonga juu. Haukugonga. Sauti ilikuwa safi.

Baadaye nilimkuta nje, ananawa uso kwenye ndoo.

"Hapa njo nalia, Doyenne," akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenionyesha duka anakonunua chumvi. "Ku nyumba hapana. Hapa hata Koko hawezi kunihukumu. Ni teatre."

Nilimwelewa. Nataka iandikwe hapa kwamba nilimwelewa pale pale.

Jumatano niliketi kukata sauti. Nilikuwa na jina la Wilondja mbele yangu kwenye skrini, lina mwanzo na mwisho, na kabla yake kuna pumzi na baada yake kuna pumzi. Katika kazi yetu hakuna kitu rahisi zaidi. Nililitoa, nikasikiliza. Kilio bila jina kilikuwa kizuri tu. Nikalirudisha, nikasikiliza. Kikawa kitu kingine.

Nikaliacha.

Kisha nikaenda kwa mtangazaji wa jioni nikamwomba akipange kipindi changu mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwa sababu ndiyo saa ambayo kila redio ya Baraka, ya Fizi na ya ng'ambo huko Ubwari inakuwa imewashwa. Hata asiyesikiliza habari anasikiliza nani amekufa.

"Doyenne," akaniambia, "pale bantu beko na roho nzito. Si tuweke nyuma ya muziki?"

"Nyuma ya muziki beko nakula," nikamjibu, kwa kuwa anayekula hasikilizi. Akacheka, akakipanga.

Na kuna la tatu, ambalo mpaka jana hakuna aliyelijua. Siku hiyo hiyo niliituma sauti ile Bukavu. Kituo kikubwa cha kule kinatafuta mwandishi mkuu wa vipindi vya jamii, na waliomba kila mmoja atume kazi moja, iliyo bora. Nina umri wa kupewa heshima na kusahauliwa. Ninataka nafasi ile. Nimeitaka kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu mtu asiyetetemeka hatakiwi kuonekana anatamani.

Nikiwa shuleni nilidhani tamthilia za namna hii zinahusu watu wenye taji. Nilimwona jemadari kama mnyama. Sasa naona kwamba hakumchukia mwanawe hata kidogo. Alikadiria tu kwamba mtoto atarudi. Na mimi nilikadiria tu kwamba watu watajua ni mchezo.

Koko alifika Alhamisi asubuhi kwa boti, na wanawake wa ukoo.

Nilikuwa sokoni kwa shughuli nyingine kabisa nilipowaona wakipanda kutoka ziwani. Walikuwa wamevua vitambaa vya kichwa. Mmoja alibeba kuni, mwingine unga wa muhogo, mwingine mkeka. Koko mwenyewe alibeba shuka jeupe lililokunjwa, amelikumbatia kifuani lisilowe. Watu sokoni walisimama kuwapisha, maana msafara wa msiba unajulikana hata kwa mtoto. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Mama Wilondja, naye alikuwa anampimia mteja ndakala.

"Balimupata wapi?" Koko akauliza.

Mama Wilondja hakuelewa. Nilimwona haelewi. Kopo la kupimia lilikuwa bado mkononi.

"Mama, nani?"

"Wilondja. Balimupata wapi? Tulisikia sauti yako ku redio, uko namuita, tukazima pale pale. Nilileta shuka. Mwili iko ku nyumba ao iko ku hopitali?"

Mahali pale palikuwa na kelele za soko zima, na bado nilisikia kopo likiwekwa mezani.

Ninaweza kueleza nyuso za watu wakati boti inazama. Uso wa Koko alipoambiwa kwamba hakuna mwili, kwamba ilikuwa teatre ya parokia, sitaueleza. Sina haki nao. Nitasema tu kwamba hakulikunja upya lile shuka; lilimponyoka mikononi, ncha yake ikashuka kwenye matope, na mwanamke mwenye kuni akaliokota.

"Teatre," Koko akasema. "Na juu ya nini ulitaja jina ya mutoto?"

Mama Wilondja alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, na mfuko wa kinasa sauti begani. Angeweza kuninyooshea kidole. Akamgeukia mama mkwe wake.

"Mwalimu alisema tutafute jina ya mutu tunapenda," akasema. "Nikakuta tu iyo."

Alimdanganya ili kunikinga mimi, au ili kujikinga yeye, au ili Koko asijue kwamba kuna mahali mkwe wake anapolilia. Sijamwuliza ni ipi.

Hapo ndipo nilipojitokeza. Ningependa kuandika kwamba nilijitokeza kwa ujasiri. Nilijitokeza kwa sababu watu walikuwa wameanza kunitazama.

"We njo wa redio?" Koko aliniuliza.

"Ndiyo, Koko. Ni mimi."

"Juu ya nini uliweka jina ya mutoto yangu pamoja na majina ya bale balikufa?"

Nikamwambia ni kosa la kupanga vipindi.

Nilisema hivyo. Mimi, ninayewafundisha vijana pale kazini kwamba mwandishi akikosea anasema amekosea wapi. Nilisema ni kosa la kupanga vipindi, kana kwamba vipindi hujipanga vyenyewe.

"Basi utasema ku redio," Koko akasema. "Leo. Saa ile ile. Utasema Wilondja hajakufa."

Niliandika sahihisho mchana kutwa. Sikuweza kusema hajakufa, kwa sababu sijui. Sikuweza kusema amekufa, kwa sababu pia sijui. Mwisho nilisoma hivi: kwamba sauti iliyosikika jana ilikuwa ya mchezo wa kuigiza, kwamba hakuna mwili uliopatikana, kwamba Wilondja bado hajulikani alipo, na kwamba mwandishi wa kipindi ndiye aliyeliacha jina na ndiye aliyechagua saa. Sentensi ya mwisho niliikosea nikalazimika kuirudia hewani. Mtangazaji hakunitazama.

Sijui kama Koko aliridhika. Hakurudi Ubwari. Alituma neno kwamba anataka kuiona hiyo teatre kwa macho yake.

Kwa hiyo jana, mazoezi ya mwisho, alikuwa amekaa benchi la mbele na wanawake wake, shuka likiwa limefuliwa na kukunjwa mapajani. Maître alimkaribisha kwa Kifaransa kingi. Fundi cherehani alisahau maneno yake mawili matatu. Mimi nilikaa nyuma, bila kinasa. Nilikiacha nyumbani, na njiani nilijisikia kama nimesahau kuvaa kiatu.

Mjumbe akafika, akasema sentensi yake.

Mama Wilondja akaweka mkono kwenye paji la uso. Akalia. Alilia kwa "oo" na "aa" zilizopangwa vizuri, akiyumba kushoto na kulia kama picha ya mwanamke anayelia. Aliita jina la mtoto wa malkia, lile lililoandikwa. Akaanguka taratibu, akichagua mahali pasipo na vumbi. Msichana mmoja nyuma yangu alicheka akafunika mdomo.

Maître alishika kichwa. "Mama! Mbona tumerudi ku samaki iliooza?"

Lakini Koko alikuwa ameshusha mabega. Niliyaona yakishuka. Aliwageukia wenzake.

"Eh! Kumbe ni michezo tu," akasema. "Sikilizeni namna analia. Huyu hajapoteza mutu."

Wanawake wakacheka, cheko la watu waliokuwa wamebana pumzi tangu Alhamisi. Koko akainuka, akaenda hadi ukingo wa jukwaa, akamgusa mkwe wake shavuni. "Wilondja akirudi nitamuambia mama yake hajue kuliaka," akamwambia. Akaomba asindikizwe botini kabla upepo haujageuka.

Mama Wilondja alibaki amekaa chini jukwaani, anatabasamu, mpaka Koko alipotoka mlangoni. Tabasamu lilikaa muda kidogo zaidi, kisha likaondoka.

Katika ukumbi ule ni mimi peke yangu niliyejua nimeona nini. Maître alidhani malkia wake ameharibika. Fundi alidhani amemwogopa mama mkwe. Mimi nilikuwa nimesikiliza sauti yake ya kweli zaidi ya mtu yeyote, kwa vipokea sauti masikioni, nikienda mbele na kurudi nyuma. Najua inaanzia wapi. Jana aliishika hapo hapo inapoanzia, akaizuia, juu yake akaweka ya bandia, mbele ya kikongwe aliyekuja na shuka la kumvika mjukuu. Tena alimpa Maître kisingizio cha kumkemea, ili ionekane vizuri.

Na kesho atafanya vile vile, mbele ya parokia nzima, kwa sababu watu wa Ubwari watakuwapo na habari zitavuka ziwa. Watu watasema malkia hakufaa. Jukwaa lilikuwa mahali pake pekee pa kulia. Nimelichukua. Mwenye kulia pale sasa ana wasikilizaji.

Nilimsubiri nje. Nilimwambia kila kitu: kwamba nilikuwa nimelitoa jina nikalirudisha, kwamba saa ile niliiomba mwenyewe, na habari ya Bukavu. Niliongea kama ninavyosoma taarifa, kwa mpangilio. Sikujua namna nyingine.

Alikuwa anafunga upya kitenge chake kiunoni. Hakuniambia si kitu. Hakunitukana pia, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ile ya Jumanne," akauliza, "uko nayo bado?"

"Niko nayo. Nitaifuta leo, Mama Wilondja. Naapa."

"Usifute." Alisema haraka, na kwa mara ya kwanza alinikasirikia. "Unafuta ya nani? Ile ni kilio ya mutoto yangu. Sina ingine. Uitunze mupaka siku nitakuja kukuomba. Na bale ba Bukavu, uwanyanganye."

Akaondoka kwenda kufunika samaki wake, maana mawingu yalikuwa yamekwishajikusanya.

Niliwaandikia Bukavu jana ile ile kabla ya kula. Nikasema naondoa kazi yangu na jina langu kwenye orodha, na kwamba waifute sauti niliyowatumia kwa sababu mwenyewe hakuiruhusu. Sikueleza zaidi. Sahihisho refu huwa ni utetezi.

Jibu limefika leo asubuhi, mvua ikiwa imechachamaa juu ya mabati. Wameifuta, wamesema, kama nilivyoomba. Wanasikitika. Miongoni mwa zote walizopokea, ile ndiyo walikuwa wameichagua.

Nimesoma jibu hilo nikiwa nimesimama karibu na dirisha. Kisha nikalisoma tena.

Nilifurahi. Kabla ya kumkumbuka Mama Wilondja, kabla ya Koko na shuka lake, kitu ndani yangu kilinyanyuka kikafurahi kwamba nilikuwa wa kwanza. Kilikaa hapo muda wa kutosha nikakitambua.

Kesho nitakwenda ukumbini bila kinasa, nitakaa benchi la nyuma. Malkia akilia vibaya na watu wakacheka, mimi nitakuwa najua, na sitamwambia mtu.